Baa ya Mji Mdogo Yorkshire: Nimesoma Maoni ya Wateja, Kisha Nikaenda Kuyapima

Habari zenu watazamaji, karibuni tena. Leo mezani hakuna simu wala spika. Leo tunachambua baa, zile baa za Waingereza wanazoziita pub, na nimechagua ya mji mdogo: mji wa soko huko Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza, wenye barabara kuu moja, kanisa la mawe na baa za kuhesabika. Jina la baa sitalitaja, na kwenye picha mtakazoziona nimefunika majina ya wote walioandika. Mwenye baa ana riziki yake, na walioandika wana haki ya kuachwa kwa amani.

Kwa nini baa? Kwa sababu najua mnachofanya, maana wengi mnaniandikia. Uko safarini au umehamia kule kwa kazi au masomo, unataka mahali pa kukaa jioni, unafungua ramani kwenye simu, unaona nyota tatu na nusu, unapita. Hiyo tatu na nusu imekunyima kitu na wala haijakueleza kwa nini. Mimi niliketi nikayasoma maoni ya baa hii kuanzia ya zamani hadi ya juzi, kisha nikafunga safari nikaenda kuyapima, mwisho wa wiki na siku za kazi pia. Na hilo la siku za kazi likumbukeni, litatufaa mbele.

Tazameni hapa. Huu ndio mgawanyo wa nyota. Tano zimejaa, moja nazo zipo za kutosha, katikati pamekaribia kuwa patupu. Wastani wa mgawanyo kama huu ni namba ambayo karibu hakuna mteja hata mmoja aliyeitoa. Anayeshika simu kuandika ni aliyefurahi kupita kiasi au aliyekasirika kupita kiasi. Mzee aliyekaa pembeni ya moto na mbwa wake, anayekuja jioni baada ya jioni, anayejua bia ya leo imetofautiana na ya jana kwa kiasi gani, yeye haandiki. Kwenye mji mdogo watu kama yeye ndio wanaoiweka baa hai kuanzia Jumatatu hadi Alhamisi, na neno lao mtandaoni halimo. Mengi tunayosoma ni ya wapita njia. Siyadharau, ila nataka tujue ni ya nani.

Sasa tuingie kwenye bia, maana hapo ndipo ugomvi ulipo.

Lalamiko linalojirudia kuliko yote: bia ni ya moto. Nalielewa kabisa, sisi tuliozoea kumwambia mhudumu atuletee ya baridi tunaisikia hasira hiyo hadi kooni. Lakini ukisoma kwa makini, wanaolalamika wote wameagiza bia ya pipa, ile inayovutwa kwa pampu ya mkono pale kaunta. Bia hii inatoka kiwandani ikiwa na hamira hai ndani yake, na inamalizia kuchachuka humo humo ndani ya pipa, kwenye chumba cha chini ya baa. Chumba hicho hutunzwa kwenye nyuzi kati ya 11 na 13 za Selsiasi. Ikipoa kupita hapo ladha inajificha, na bia inaweza kupoteza uangavu wake kwenye glasi. Ikipata joto kupita hapo, inachoka upesi. Nilitumbukiza kipimajoto kwenye glasi yangu, mnakiona hapo: nyuzi 12. Hiyo ndiyo bia ilivyotakiwa iwe. Ukitaka ya baridi kali, agiza ile inayosukumwa kwa gesi, bomba zake ziko upande wa pili wa kaunta ile ile. Kwa hiyo nyota moja za namna hii mimi naziweka kando. Mteja hakudanganya, ila alikerwa na kitu kilichotengenezwa kwa makusudi kiwe vile, na baa haikosi lolote hapo.

La pili ni povu, na hili ni tamu zaidi. Mteja mmoja anasema amepunjwa, povu limekaa juu nene kama vidole viwili. Mwingine, mwezi ule ule, anaisifu baa kwa povu zito laini linalobaki kwenye glasi hadi mwisho. Ukitazama walikoandikia maoni yao mengine, wa kwanza anazunguka zaidi London na kusini, wa pili ni wa huku huku kaskazini. Jibu liko kwenye mdomo wa bomba. Tazameni hii picha ya karibu: kipande kidogo cha plastiki kimefungwa pale mwisho wa bomba, kina matundu madogo madogo. Bia ikisukumwa kupita pale inavurugika, hewa inaingia, povu linakuwa kama krimu. Yorkshire wanaipenda hivyo, na bia isiyo na povu wanaiona imelala. Kusini wengi wanaitaka bila kile kipande, glasi ijae hadi ukingoni. Glasi moja, bia moja, nyota moja na nyota tano.

Je, kupunjwa kupo? Painti ya Uingereza ni mililita 568. Mwongozo wa British Beer and Pub Association, chama cha wenye viwanda vya bia na baa, unasema kimiminika kisipungue asilimia 95 baada ya povu kutulia, na mteja akiomba kuongezewa, aongezewe. Kuna wanaoona hata hiyo asilimia 95 ni kidogo. Chama cha wanywaji kiitwacho CAMRA, kilichoanzishwa mwaka 1971 kuitetea bia ya pipa, kwa miaka mingi kimedai painti kamili, mililita zote. Mimi niliacha povu litulie, nikaona bia imeshuka chini ya ukingo, nikairudisha kaunta nikaomba kwa upole iongezwe. Binti aliyekuwa zamu akaichukua, akavuta pampu kidogo, akanirudishia, akaendelea na kazi yake bila kununa. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Kama umewahi kuondoka na glasi yenye pengo huku umenyamaza, siku nyingine omba. Haionekani uchoyo hata kidogo.

Sasa nifikie lile ambalo naona ndilo kiini cha video hii.

Kuna kundi la tatu la malalamiko ya bia, halina wingi kama ya joto, na ukisoma haraka unalipita. Watu wasiojuana, katika miezi tofauti, wanasema bia ilikuwa na ukali wa siki. Mmoja anataja tufaha lililooza. Mwingine anasema imekufa, haina uhai mdomoni. Wanaosifu bia nao ni wengi na wanaonekana kuijua. Nilikaa nikijiuliza nani tumwamini. Kisha nikaacha kusoma nyota nikaanza kusoma tarehe. Nikachukua kila lalamiko la siki nikatafuta lilikuwa siku gani ya wiki. Jumatatu. Jumanne. Jumatatu. Jumatano moja. Wanaosifu? Ijumaa, Jumamosi, Jumapili mchana.

Anayeijua kazi ya pipa ameshaelewa. Pipa la kawaida la baa za aina hii lina galoni 9, yaani painti 72. Likishafunguliwa, kila painti inayotoka inaacha nafasi, na nafasi hiyo inajazwa na hewa. Siku ya kwanza na ya pili bia inapendeza sana. Baada ya siku tatu inaanza kuanguka, na ikizidi hapo inaelekea kwenye siki. Kwa hiyo pipa lazima liishe ndani ya siku tatu hivi. Sasa hesabu na mimi: baa hii ina pampu nne za mkono. Pampu nne ni painti 288 zinazosubiri watu. Ijumaa na Jumamosi, mji umejaa watalii na watembeaji wa milimani, zinaondoka zote. Jumatatu usiku, wanywaji wako wachache na nusu yao wanakunywa bia ya gesi. Pipa jipya lililofunguliwa Jumamosi linaburuzwa hadi Jumanne na Jumatano.

Nikaenda kuhakikisha. Ijumaa jioni nilionja bia kutoka pampu mbalimbali, nusu painti nusu painti, na sikupata ya kulaumu. Ile ya rangi ya shaba ilikuwa na uchungu safi wa hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, na harufu ya mkate uliotoka kuokwa, naikumbuka bado. Jumanne nikarudi nikaagiza ile ile ya shaba. Harufu tu ilitosha. Ule ukali unaokupiga puani kabla ulimi haujagusa. Nikairudisha, nikasema naona imechacha. Mwenye baa mwenyewe alikuwepo. Akamimina kidogo kwenye glasi yake, akanusa, akaonja, akageuza kile kibandiko cha pampu chenye jina la bia kitazame ndani kuonyesha imefungwa, akanipa nyingine bila kuniuliza nalipa vipi. Hakubishana. Kwa hilo nampa heshima yake yote, maana kuna baa ambazo ukisema hivyo wanakutazama kana kwamba hujui kunywa.

Lakini wale walioandika habari ya siki walisema kweli. Nataka niliseme wazi kwa sababu chini ya baadhi ya maoni yao kuna majibu ya baa yenye kuwaambia kwamba hawaijui bia ya pipa. Waliijua, au hata kama hawakuijua, ulimi wao haukukosea. Mtu aliyelalamikia joto hakuielewa bidhaa. Mtu aliyelalamikia siki aliielewa bila kufundishwa. Kuwachanganya hawa wawili kwenye kapu moja la wasiojua ni kuwadhulumu wa pili.

Na kuna njia ya kutoka. Zipo pipa ndogo, nusu ya lile, galoni 4.5, painti 36. Gharama yake kwa painti inakuwa juu kidogo, lakini hazikai hadi zichache. Au mwanzoni mwa wiki funga pampu mbili, geuza vibandiko, baki na mbili zinazozunguka. Baa yenye bia mbili nzima inamshinda mbali yule mwenye nne na moja mbovu, kwa sababu mgeni hajui ipi ni mbovu, na akiipata hiyo hiyo kwenye glasi yake ya kwanza, imekwisha.

Haya, huduma. Hapa nitakwenda haraka. Wapo waliotoa nyota moja kwa sababu walikaa mezani muda mrefu hakuna aliyekuja. Kwenye baa nyingi za Kiingereza hakuna atakayekuja. Unakwenda kaunta, unaagiza, unalipa, unabeba glasi yako. Kama ni chakula, unasoma namba ya meza kwanza kisha unakwenda kuagiza nayo. Wapo waliokasirika kuulizwa kitambulisho wakiwa na miaka 23. Umri wa kununua pombe ni 18, lakini baa nyingi hufuata utaratibu wa kumuuliza yeyote anayeonekana hajafika 25, kwa sababu kumuuzia mtoto kunaweza kumgharimu mwenye baa leseni yake. Beba kitambulisho, yaishe. Na yupo mmoja aliyesema alinyimwa maji ya bomba ya bure. Hilo, kama lilitokea, ni kosa la baa: tangu 2010, Uingereza yenyewe (England) na Wales, masharti ya leseni yanaitaka baa itoe maji ya bomba ya kunywa bure kwa mteja anayeomba, pale yanapopatikana. Mimi niliomba, nikapewa na barafu.

Chakula kimegawanya watu vilevile, lakini chanzo chake ni rahisi. Sifa zote ni za mchana wa Jumapili: nyama ya kuoka, viazi vya kuoka, mchuzi mzito, na ile Yorkshire pudding, andazi la kuoka la unga, mayai na maziwa, iliyovimba ikawa na shimo katikati la kupokea mchuzi. Nilikula, na sifa zile ni za haki, ukingo wake ulikuwa mkavu unaovunjika na tumbo lake laini. Malalamiko ni ya watu waliofika Jumatatu na Jumanne wakakuta jiko limefungwa. Hapa lawama nagawa. Mlangoni kuna tangazo la saa za jiko, lakini kwenye ukurasa wa ramani saa zilizoandikwa ni za baa nzima, kana kwamba chakula kipo kila siku. Mtu ametoka kutembea milimani na mvua, ana watoto wenye njaa, amesoma iko wazi. Kumwonyesha tangazo lililopo mlangoni wakati huo hakumsaidii. Kurekebisha saa mtandaoni ni kazi ya muda mfupi sana, na ingeziondoa nyota moja kadhaa.

Kuhusu usafi, yupo anayedai aliugua tumbo baada ya kula pale. Lalamiko kama hilo siwezi kulipima kwa kuonja, na wala nyota haziwezi. Kuna kipimo kingine. Uingereza, Wales na Ireland ya Kaskazini, maofisa wa halmashauri hukagua jikoni na kutoa alama kuanzia 0 hadi 5. Wales ni lazima kibandiko cha alama kionekane mlangoni tangu 2013, Uingereza yenyewe si lazima, lakini alama unaweza kuitafuta kwenye tovuti ya Food Standards Agency, wakala wa serikali wa usalama wa chakula. Ya baa hii ni 5. Alama hiyo inahusu usafi wa jiko, utunzaji wa chakula na hali ya jengo, ladha haimo. Haithibitishi kwamba yule mtu hakuugua, lakini kama ningelazimika kuchagua kati ya alama ya mkaguzi aliyefungua friji na hasira ya mtu mmoja, najua ningeshika ipi. Vyoo pia nilivitazama: sabuni ipo, maji ya moto yapo, na mlango mmoja hauna kitasa kinachofunga vizuri, jambo ambalo wateja wameandika zaidi ya mara moja na hakuna aliyelishughulikia.

Kuna lalamiko la kuwa bia za kuchagua ni zile zile, na bei imepanda. Kabla hujamhukumu mwenye baa, fahamu kwamba baa nyingi kule si mali ya anayeziendesha. Amepanga kutoka kwa kampuni, na mkataba unamfunga anunue bia kupitia kampuni hiyo, kwa bei ya kampuni. Mwaka 2016 ilianza kufanya kazi kanuni maalumu Uingereza na Wales kuwalinda wapangaji hao dhidi ya kampuni zenye baa 500 na zaidi za namna hiyo, na bado wengi wanalalamika. Nilimuuliza wa hapa, akaniambia amefungwa. Kwa hiyo bia za kiwanda kidogo cha kijiji jirani, ambazo mteja mmoja anashangaa kwa nini hazipo, huenda angezitaka kuliko hata huyo mteja.

Na nyota tano? Nazo tuzichambue, tusiwaonee wenye moja peke yao. Nyingi zina habari ndani: mtu anataja moto wa kuni, anataja jina la bia, anataja kwamba mbwa wake alipewa bakuli la maji. Hizo naziamini. Kuna chache za maneno mawili matatu, zimekuja karibu karibu, kutoka kwa watu ambao hawajawahi kuandika kingine chochote. Siwezi kusema ni za uongo, pengine ni jamaa waliohimizana baada ya sherehe. Ninachosema ni kwamba hazinisaidii, nikazitoa kwenye hesabu. Maoni ya kughushi sasa ni kinyume cha sheria Uingereza, chini ya sheria ya mwaka 2024 iliyoanza kutumika kwenye suala hili Aprili 2025, na mamlaka ya ushindani inaweza kuipiga kampuni faini hadi asilimia 10 ya mapato yake ya dunia nzima. Ni jambo zuri, lakini jicho lako bado linahitajika.

Haya, hukumu yangu. Ijumaa jioni hadi Jumapili mchana, hii ni baa ya nyota nne na nusu na ningemleta mgeni wangu bila wasiwasi. Jumapili weka nafasi mapema, meza za karibu na moto zinakwisha. Jumatatu na Jumanne ni nyota mbili na nusu: hakuna chakula, na kama unataka bia ya pipa, muulize aliyepo kaunta ipi imefunguliwa karibuni. Akishindwa kujibu, omba kuonja kidogo kwanza, hawakatai.

Na wewe mwenye baa, ukipata kuiona video hii: kitasa cha choo, saa za jiko kwenye ramani, pampu mbili badala ya nne hadi Alhamisi. Wale uliowajibu kwamba hawaijui bia, warudie uwajibu upya.

Watazamaji mliowahi kufanya kazi kwenye baa za kule, hasa mliokuwa mnashughulikia mapipa, niandikieni hapo chini: mwanzoni mwa wiki mlikuwa mnafungua pipa jipya siku gani, na la zamani mlilifanya nini?